Mchezo na Maneno Yake

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa letu, aghalabu tunataja ngoma, mashairi, mavazi, ususi na uchongaji. Michezo hutajwa mwishoni, na itajwapo huwa ni ile ya uwanjani, yenye kipenga na kikombe. Michezo midogo midogo ya barazani na vichochoroni, ambayo mtu huicheza akiwa ameketi, haitajwi sana. Nayo ndiyo inayochukua saa nyingi za watoto wetu na za wazee wetu. Nimeona yafaa niitazame michezo hiyo, na hasa ile iliyo mipya, inayochezwa kwenye kioo cha televisheni au cha simu, ambayo vijana huiita gemu.

Sababu yangu si udadisi mtupu. Wazazi wa mitaa ya hapa Kidatu walileta malalamiko katika ofisi ninamofanyia kazi, wakitaka vibanda vya gemu vifungwe. Mama mmoja alieleza kwamba mwanawe alitumwa dukani kununua sukari robo kilo, akarudi jioni mikono mitupu, fedha zote zimeishia kibandani. Watu wakacheka kidogo, maana kukosa sukari Kidatu ni kama kukosa maji ukiwa ziwani. Lakini mama yule hakucheka. Kwa kuwa mambo ya utamaduni yamewekwa mezani kwangu, nilitakiwa kutoa maoni kwa maandishi: vibanda vifungwe, au visifungwe?

Sikuona haki kuhukumu jambo ambalo sijalishika kwa mkono wangu. Kwa muda wa miezi miwili, baada ya saa za kazi na siku za Jumamosi, nilikwenda vibandani, nikalipa kama walipavyo wengine, nikaketi kwenye benchi, nikacheza. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyaona na kuyafikiri.

Kwanza msomaji aijue Kidatu. Mji wetu umekaa chini ya milima ya Udzungwa, pale Mto Ruaha Mkuu unapoiacha milima na kuingia bondeni. Pana mashamba ya miwa na viwanda vya sukari, kazi iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pana reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Na pana kituo cha umeme, ambacho awamu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 1975 na ya pili mwaka 1980, chenye mitambo minne na uwezo wa megawati 204. Kwa miaka mingi kituo hicho ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini, mpaka mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lilipoanza kuzalisha umeme.

Miwa, reli na bwawa viliwaita watu kutoka kila upande. Wapogoro, Wandamba na Wabena walipanda kutoka bondeni. Wahehe wakashuka kutoka milimani. Wangoni, Wanyakyusa na wengine wengi wakaja na mapanga ya kukatia miwa. Wazazi wetu walikutana hapa wakiwa na lugha nyingi, wakalea watoto kwa lugha moja. Jambo hili nalitaja makusudi. Mtoto wa Kidatu, ajapo kucheza, hana lugha nyingine ya kuchezea isipokuwa Kiswahili. Ndani ya Kiswahili hutania, hubishana, hulalamika kwamba ameonewa, na husuluhishwa. Nilipokuwa mdogo, umeme ulipita juu ya vichwa vyetu katika nyaya nene ukienda mbali, nasi tukisoma kwa koroboi. Leo umeme wa maji yale yale unawasha kioo cha gemu katika kibanda cha mabati, na mjukuu wa mkata miwa anachezea humo. Sitaki kulisahau hilo ninapolalamika.

Watu wengine hudhani kwamba gemu zimezaliwa jana pamoja na simu za mkononi. Sivyo. Mwaka 1958, huko Marekani, mwanafizikia William Higinbotham wa maabara ya Brookhaven aliunda mchezo wa tenisi kwenye kioo kidogo cha chombo cha kupimia umeme, ili kuwafurahisha wageni waliotembelea maabara. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ikatoa Pong, mchezo wa vijiti viwili na kitone kimoja, nao ukaenea katika mabaa na kumbi za starehe. Hapa kwetu, watu wengi wa umri wangu walianzia kwenye nyoka wa simu ya Nokia, aliyetolewa mwaka 1997; yule nyoka aliyekula vitone akarefuka mpaka akajigonga mwenyewe. Tulimwita nyoka tangu siku ya kwanza, wala hakuna aliyetuagiza. Msomaji na alikumbuke jambo hilo dogo, maana nitalirudia.

Basi nianze na mpira, kwa kuwa ndio mchezo unaojaza vibanda. Nilioucheza mimi ni Pro Evolution Soccer, kazi ya kampuni ya Konami ya Japani, kwenye mtambo wa PlayStation wa zamani uliokwisha kubadilishwa feni mara mbili. Malipo ni sarafu ya shilingi mia mbili kwa mechi moja. Mchezaji hushika kidude chenye vitufe, ambacho vijana hukiita pedi. Vitufe vinne vya upande wa kulia vina alama za mraba, duara, pembetatu na mkasi wa mistari miwili. Nilikabidhiwa kwa kijana wa miaka kumi na mitatu awe mpinzani wangu na mwalimu wangu kwa pamoja. Aliniamkia kwanza, kisha akanifunga mabao matano.

Nilivutiwa zaidi na masikio yangu kuliko macho yangu. Mtangazaji aliyemo ndani ya mtambo alikuwa akisema Kiingereza bila kupumzika, na katika kibanda kizima hapakuwa na mtu aliyemsikiliza. Waliokaa benchi walikuwa na utangazaji wao. "Mzee, piga mraba! Mraba, Mzee!" Mraba ni kitufe cha kupigia shuti, na jina lake wamelitoa katika somo la hisabati la shule ya msingi. Nilipopigwa mpira ukapita katikati ya miguu ya beki wangu, wakasema nimepigwa tobo. Ulipopita juu ya kichwa chake, wakasema amevishwa kanzu. Maneno hayo, pamoja na chenga na danadana, hayakutoka Japani wala Uingereza. Yametoka katika viwanja vyetu vya vumbi na katika redio zetu, yakaingia kibandani bila kubisha hodi. Kwa hiyo mchezo ule, ingawa umetengenezwa ng'ambo na unaonyesha viwanja vya ng'ambo, unachezwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa na mtambo wenyewe.

Kijana mwingine alinionyesha jambo lililonishangaza zaidi. Katika simu yake alikuwa na mchezo wa mpira uliokwisha kubadilishwa na mafundi wasiojulikana majina yao, vijana kama yeye, wakazitia Simba na Yanga. Nikaona jezi nyekundu, nikaona za kijani na njano, zikikimbia mle ndani ya kioo kisichozidi kiganja. Timu hizo zilianzishwa katika miaka ya 1930, kabla hata ya televisheni kufika nchini; nazo zimeingia katika gemu kwa mlango wa nyuma, zikiwa zimebebwa mabegani na mashabiki wao. Sizungumzii hapa haki za mwenye kazi, ambazo ni jambo la sheria. Nasema kwamba mtoto anayechukua tabu ya namna hiyo hajamezwa na mchezo wa kigeni. Amekaa mezani na anataka chakula cha kwao nacho kipakuliwe.

Mchezo wa pili niliocheza ni Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa mwaka 2004 na kutengenezwa Edinburgh, Scotland. Ni kisa cha kijana aitwaye Carl Johnson, anayerudi kwao baada ya mama yake kuuawa, katika mji wa kubuniwa unaofanana na Los Angeles. Kazi ya ufundi iliyomo ni kubwa, na sitaidharau. Mji una barabara, milima, jangwa na machweo ya jua. Lakini mchezaji hupewa bastola na njia ya kunyang'anya magari, na mtoto niliyekaa naye alikuwa akigonga watu barabarani kwa utulivu wa mtu anayepepeta mchele. Watengenezaji wenyewe waliuandika mchezo huo kuwa ni wa watu wazima. Maandishi hayo hayafiki Kidatu, kwa sababu mchezo hufika ukiwa umenakiliwa, bila jalada na bila onyo. Hapa wazazi wana hoja, tena hoja nzito, nami nimeiunga mkono.

Hata hivyo nililiona jambo jingine. Carl Johnson husema maneno mengi, kisa chake kina huzuni na usaliti, na watoto wale hawakujua kisa hata kidogo. Waliuliza tu gari lipi lina mbio. Mchezo ambao kwa mwenye lugha yake ni hadithi, kwao ulikuwa fujo tupu. Mtu akikupa kitabu usichoweza kukisoma, utabaki kutazama picha. Na kama picha ni za kupigana, utajifunza kupigana. Kukosa lugha hakuondoi ubaya wa mchezo. Kunaondoa mazingatio yake tu, na ubaya ukabaki.

Mchezo wa tatu ulinikosesha usingizi. Unaitwa Resident Evil 5, wa kampuni ya Capcom ya Japani, uliotolewa mwaka 2009. Mzungu mwenye misuli anatumwa katika mji wa kubuniwa uitwao Kijuju, ambao inasemekana uko Afrika Magharibi, kupambana na watu waliogeuzwa na wadudu wakawa si watu tena. Picha zake za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007, wengi walipinga kwa sababu ya namna Mwafrika alivyochorwa. Mimi niliguswa na upande mwingine. Watu hao waliogeuzwa wanaitwa Majini, neno lililochukuliwa kwetu, na wanapokuja na mapanga na marungu wanapiga kelele kwa Kiswahili. Lugha imetolewa mashariki ikapandwa magharibi, kama mtu anayeokota nguo yoyote kambani apate kuvalisha sanamu ya kutishia ndege.

Mtoto mdogo, wa darasa la tatu au la nne, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanivuta shati, akauliza, "Babu, mbona majini yanaongea kama sisi?"

Nilimjibu kwamba waliotengeneza mchezo hawatujui. Jibu hilo ni la kweli, lakini halikutosha, naye aliendelea kunitazama. Nimeandika mashairi ya lugha hii tangu nikiwa sekondari. Nimekaa katika semina nyingi zilizosifu kuenea kwake duniani. Sikupata kuwaza kwamba kuenea kunaweza kuwa na sura hii: lugha kufika mbali kabla ya wenyewe, ikapewa kazi ya kutisha.

Wa nne sikuuchezea kibandani, maana vibanda vyetu havina kompyuta. Nilikwenda Ifakara kwa mpwa wangu, mwalimu wa sekondari, ambaye anayo moja ya zamani. Nilimweleza habari ya majini, akasema, "Mjomba, kaa hapa usikilize na hii." Akafungua mchezo uitwao Civilization IV, uliotolewa mwaka 2005, ambamo mchezaji hupewa kundi dogo la watu miaka elfu nne kabla ya Kristo, akalijenga liwe taifa, kwa kilimo, maandishi, barabara, vita na amani. Kabla mchezo haujaanza, dunia ikatokea kiooni ikizunguka polepole, na kwaya ikaanza kuimba. Ilikuwa ikiimba Sala ya Bwana kwa Kiswahili.

Wimbo huo unaitwa Baba Yetu, na mtungaji wa muziki wake ni Mmarekani, Christopher Tin. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Kwaya za nchi nyingi zimeuimba, na waimbaji wake wengi hawajui neno jingine la Kiswahili zaidi ya hayo. Katika mchezo wa sita wa mfululizo huo, nyongeza iliyotolewa mwaka 2018 imeiweka Kilwa Kisiwani miongoni mwa maajabu ambayo mchezaji anaweza kuyajenga. Na Zanzibar imo kama mji unaojitawala, mwenye urafiki nao akipata karafuu na mdalasini.

Nilifurahi, na sioni haya kusema kwamba macho yalilowa. Kisha, njiani nikirudi Kidatu, nikaanza kupima. Katika michezo hii mikubwa ya dunia nimekutana na lugha yetu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika vinywa vya majini, mara ya pili katika sala. Mmoja alitutia jehanamu, mwingine akatupeleka mbinguni. Lakini hakuna aliyetukuta tukiishi duniani, tukinunua sukari, tukigombea zamu, tukitaniana. Hata yule aliyetuheshimu alichukua maneno yaliyokuwa tayari, akayatumia kwa uzuri wa sauti yake. Katika mahali pote pawili Kiswahili kilikuwa pambo. Hakikuwa lugha ambayo mchezo wenyewe unafikiriwa.

Ili tuone tofauti, tutazame mchezo ambao umefikiriwa kwa Kiswahili, yaani bao. Kila msomaji amewaona wazee chini ya mwembe wameinamia ubao wenye mashimo thelathini na mawili, safu nne za mashimo manane manane, na kete sitini na nne. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda. Anayetazama kwa mbali huona watu wanahamisha mbegu. Anayesikiliza hugundua kwamba kuna lugha kamili inayotembea pamoja na mbegu hizo. Shimo moja lina hadhi yake, nalo huitwa nyumba. La mwisho wa safu ya mbele ni kichwa, na pamoja na jirani yake ni kimbi. Mchezo huanza kwa kunamua, mchezaji akitia kete moja moja kutoka katika akiba ya mkononi. Akiba ikiisha, watu huingia katika mtaji. Asiyeweza kula hutakata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mwendo umelala. Na kila neno kati ya hayo lina maisha nje ya ubao: nyumba hulindwa, kichwa huongoza, mtaji hukusanywa kwa jasho, na mwenda mbali hatimaye hulala.

Kwa sababu hiyo mzee asiyejua kusoma huweza kukaa barazani akaeleza mchezo uliochezwa wiki iliyopita, hatua baada ya hatua, na wenziwe wakauona. Kwa sababu hiyo pia bao limewapa washairi wa pwani mafumbo kwa karne kadhaa. Ubao ni mti uliochongwa tu. Maneno ndiyo yaliyoufanya uwe wetu. Nilijaribu kulisema jambo hili kwa ubeti mmoja, nikausoma kibandani, na vijana wakauchukua kama utani:

Mchezo hauna shina, usipopewa maneno;
Tulicheza bao jana, kwa kete na malumbano;
Leo pedi wanabana, vijana kwa mashindano;
Asiyetoa majina, huwa mgeni wa ngano.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Wako wanaosema kwamba gemu ni utamaduni wa kigeni, basi zipigwe marufuku. Lakini mpira wa miguu nao ulikuja na wageni, na hakuna leo anayethubutu kuuita wa kigeni mbele ya mashabiki wa Simba na Yanga. Ulikuwa wetu siku tulipoupa tobo na kanzu. Mwalimu, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 na kutangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, alisisitiza kufufua yaliyo yetu. Wala hakutufundisha kuogopa kujifunza kwa wengine. Hoja si kitu kimetoka wapi. Hoja ni kama kikifika kwetu tunakipa majina na kukitia mikononi, au tunakitazama tu.

Nitoe mfano wa karibu. Katika misitu ya Sanje, juu ya barabara yetu ya kwenda Mang'ula, yuko kima ambaye sayansi haikumjua hadi mwaka 1979, wataalamu walipomsikia akilia. Wenyeji walikuwa wanamjua siku zote, na walimwita ngolaga. Jina lilikuwa limetangulia. Angalikuwa hana jina kwa wenyeji, huenda watafiti wale wangepita zao wakidhani wamesikia mlio wa mnyama mwingine. Kitu kisicho na jina kwetu ni rahisi kuchukuliwa, na ni rahisi vile vile kugeuzwa jini.

Wengine watauliza: je, sisi tunaweza kutengeneza gemu? Waulize Cameroon, ambako kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa mwaka 2016 mchezo wake uitwao Aurion, wenye visa vya Kiafrika. Waulize majirani zetu wa Uganda, ambako karata za matatu, zichezwazo vijiweni, zimetiwa katika simu na vijana wa huko. Nasi hatukosi visa. Hapa hapa Kidatu pana fumbo linalostahili kioo: reli inayotoka Kilosa ina upana wa mita moja, na ya TAZARA ina milimita 1,067. Milimita sitini na saba tu, lakini behewa la huku haliwezi kupita kule, ikabidi pajengwe mahali pa kuhamishia mizigo. Mwambie mtoto ahamishe mizigo hiyo kabla mvua za masika hazijafika, behewa hili likichelewa na lile likijaa. Utakuwa umempa mchezo wa akili usiohitaji bastola. Tena maneno yake yote, behewa, shehena, njia panda, kituo, tayari anayo.

Baada ya kuyapima hayo niliandika maoni yangu, nayo nayaeleza hapa kwa ufupi. Nilipendekeza vibanda visifungwe, kwa sababu gemu zitahamia katika simu na vyumba vya ndani, ambako hakuna benchi wala mtu mzima wa kuuliza. Mwanafunzi mwenye sare asipokelewe saa za masomo, wala mtoto asichezeshwe kwa mkopo. Desturi ya anayefungwa alipie wote wawili iondolewe kwa watoto, maana ni ngazi ya kwanza ya kamari. Michezo ya watu wazima ichezwe na watu wazima. Na gemu zisichanganywe na zile mashine za kubahatisha ziitwazo dubwi, ambazo humeza sarafu kwa ahadi ya kutema nyingi. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 imekwisha kumkataza kamari mtu aliye chini ya miaka kumi na minane, na inahitaji kutekelezwa tu. Mwisho niliomba kila kibanda kiweke ubao wa bao kwenye benchi la wanaongoja zamu. Kungoja ni kwingi, na wazee wanaojua kunamua bado wapo.

Uamuzi ni wa wenye mamlaka, nami nimekwisha kutimiza wajibu wangu. Najua kwamba sukari ya mama yule haitarudishwa na nadharia yangu juu ya maneno. Nilimweleza hivyo, akanijibu kwamba yeye hana ugomvi na kioo; anataka mtoto ajue thamani ya kutumwa. Sidhani kuna mtaalamu wa utamaduni aliyeweza kulisema vizuri zaidi. Mtoto anayetumwa ni mtoto aliyeaminiwa, na mchezo wowote, wa kale au mpya, unaomfanya asahau kwamba ameaminiwa, umemzidi nguvu.

Kwa hiyo ombi langu la mwisho nalielekeza kwa wenzangu tunaoshika kalamu. Baraza la Kiswahili la Taifa liko tangu mwaka 1967, na limefanya kazi kubwa ya kutafuta istilahi za sheria, sayansi na utawala. Istilahi za michezo hii vijana wamekwisha kuanza kuzitafuta wenyewe, benchini, kwa kelele, bila posho. Twendeni tukazisikilize kabla hatujazisahihisha. Na wale wenye ufundi wa kompyuta, ambao wanaongezeka kila mwaka katika vyuo vyetu, wasione haya kumwendea mshairi au mzee wa bao wamwombe maneno. Sisi tunayo maneno, wao wana mikono. Siku tutakapokaa pamoja, mtoto wa Kidatu atawasha kioo kwa umeme wa mto wa kwao, asikie watu wanaosema kama yeye, nao watakuwa ni watu.